Liberty walivyobeba kombe mitupo ikigoma

Sabrina Ionescu alirusha mpira mara 19 usiku ule, ukaingia mara 1. Timu yake nzima, New York Liberty, ilijaribu mitupo 23 ya pointi tatu ikapata 2. Mpe kocha yeyote karatasi yenye takwimu hizo tu, atakwambia timu hiyo ilipigwa, tena ilipigwa mapema. Lakini Liberty ndio waliobeba kombe la WNBA Oktoba 20, 2024, walipoifunga Minnesota Lynx 67-62 katika mchezo wa tano wa fainali, ukumbi wa Barclays Center, Brooklyn, baada ya dakika 5 za nyongeza.

Huku Afrika Mashariki mchezo ulianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Mimi ni shabiki wa Liberty, na usingizi ulikuwa mbali. Kulipokucha nikakuta mashabiki wenzangu wa kikapu wamegawanyika katika kauli mbili: kwamba mchezo ulikuwa mbovu usiostahili fainali, na kwamba waamuzi ndio waliogawa ubingwa. Zote mbili zimeniuma, kwa sababu zinafuta kazi kubwa iliyofanywa uwanjani na wanawake wanaoujua mchezo huu kuliko sisi tunaowatazama.

Tuanze na mahali pointi 67 zilikotoka. Vikapu vilikuwa 22 katika mitupo 72, yaani asilimia 30.6. Viwili tu ndivyo vya pointi tatu. Vikapu 20 vya pointi mbili vikaleta 40, na mstari wa adhabu ukaleta 21 kutoka mitupo 25. Kwa maneno mengine, pointi 61 zilipatikana ndani ya mstari wa pointi tatu au kwenye mstari wa adhabu. Ukimweka kando Ionescu, wenzake walipata vikapu 21 katika mitupo 53, karibu asilimia 40. Si kiwango cha kutisha, ila kumbuka walikuwa wakicheza na nani: Lynx waliokuwa na mlinzi bora wa msimu, Napheesa Collier, na ulinzi uliowafikisha fainali baada ya kushinda michezo 30 kati ya 40.

Robo ya kwanza Lynx waliongoza 19-10, na kabla ya mapumziko tofauti iliwahi kufika pointi 12. Walikwenda mapumzikoni 34-27. Hapo ndipo timu nyingi hufanya kosa moja: mpira usipoingia, kila mtu anataka kurusha wa mbali zaidi ili kulipa deni kwa haraka. Liberty waliendelea kujaribu kutoka nje, ni kweli, lakini uzito wa mchezo waliusogeza karibu na kikapu. Jonquel Jones, mwenyeji wa Bahama mwenye urefu wa mita 1.98, alipokea mpira akiwa ameupa mgongo ubao, akamsukuma mlinzi wake hatua kwa hatua. Alimaliza na pointi 17 na kutajwa mchezaji bora wa fainali. Breanna Stewart, ambaye naye mkono wake haukuwa na raha, alikusanya ribaundi 15. Kila ribaundi anayoichukua mchezaji wa aina hiyo ni shambulizi ambalo mpinzani hatalipata tena, na timu isiyofunga inahitaji mashambulizi mengi kuliko timu inayofunga.

Sasa robo ya tatu, ambayo kwangu ndiyo iliyoamua kombe. Liberty 20, Lynx 10.

Lynx wa mwaka 2024 walikuwa timu ya pasi. Mpira ulizunguka hadi ukamfikia mtu aliyeachwa wazi, na kwa mitupo ya pointi tatu walikuwa na asilimia bora kuliko timu zote za ligi. Mashine ya namna hiyo inaanzia kwenye skrini: mchezaji mmoja anasimama kumzuia mlinzi, mwenzake anapita na mpira, na kwa nusu sekunde walinzi wawili wanachanganyikiwa nani amfuate nani. Dawa ni kubadilishana watu papo hapo bila kumfukuzia mtu wako wa awali, lakini dawa hiyo ina sharti. Ukibadilishana, mfupi wako asiachwe na mrefu wao chini ya kikapu, wala mrefu wako asiachwe na mwepesi wao nje. Liberty walikuwa na miili ya kutimiza sharti hilo. Jones ana mita 1.98, Nyara Sabally 1.96, Stewart na Leonie Fiebich 1.93 kila mmoja, Betnijah Laney-Hamilton 1.83. Skrini ikiwekwa, walipokezana washambuliaji kama vibarua wanavyopokezana ndoo za zege, na mpira ukirudi nje, saa ya shambulizi ilikuwa imebakiza sekunde chache na hakuna aliye wazi.

Tazama matokeo yake kwenye karatasi. Collier alifunga pointi 22, Kayla McBride 21. Jumla 43 kati ya 62. Wengine wote wa Lynx waliambulia 19. Courtney Williams, ambaye katika mchezo wa kwanza wa fainali hizo hizo alifunga pointi tatu akiwa amefanyiwa faulo na Ionescu, akaongeza na mtupo wa adhabu na kuwapindua Liberty katika sekunde za mwisho, safari hii alikosa nafasi ya kupumua. Collier alipata zake kwa jasho: mtupo ule wa kugeuka huku mlinzi yuko kifuani, mkono mrefu uko usoni. Mtu akiifunga mitupo migumu hivyo unampigia makofi. Kuizuia yote haiwezekani, na Liberty hawakujaribu. Walichofanya ni kuhakikisha pasi haitoki kwake kwenda kwa mwingine.

Anayeuita mchezo huo mbovu anahesabu mipira iliyogonga chuma tu. Haoni miguu iliyokuwa ikihama kabla ya pasi kutoka, wala mikono iliyokaa juu dakika 45 bila kushuka. Mimi niliona uzuri mtupu.

Kuna Sabally pia, Mjerumani aliyetoka benchi, ambaye hakutegemewa kuwa jina la usiku huo. Kocha Sandy Brondello alimwingiza pale timu ilipokuwa imekauka, naye akalipa kwa pointi 13, akikimbilia kikapu bila kungoja kuitiwa mchezo. Fiebich, Mjerumani mwenzake, alifunga 13 pia. Brondello alikuwa amempandisha Fiebich kikosi cha kwanza mechi za mtoano zilipoanza, akimweka nje Courtney Vandersloot, mchezesha timu mzoefu. Ni uamuzi mzito kwa kocha aliyekuwa amepoteza fainali mwaka uliotangulia. Lengo lilikuwa hilo hilo la urefu, na usiku wa mwisho ulimpa haki.

Na Ionescu? Mtu aliyekosa mara 18 angeweza kuacha kucheza huku bado yuko uwanjani. Siku nne tu nyuma, kule Minneapolis, alikuwa ametupa mpira wa mita 8.5 ikiwa imebaki sekunde 1 na kuwapa Liberty mchezo wa tatu, 80-77. Lynx hawakuwa wameusahau mtupo ule, kwa hiyo waliendelea kumfuata hadi mbali na mstari kana kwamba kila mtupo ungeingia. Nafasi aliyoifungua nyuma ya walinzi hao ilitumika: pasi zake 8 zilizaa vikapu, na akaongeza ribaundi 7. Ukizisoma tarakimu hizo pembeni ya ile 1 kati ya 19, unaelewa kwa nini Brondello hakumtoa.

Tuje kwenye faulo, kwa kuwa siwezi kuikwepa. Lynx walikuwa mbele 60-58 zikiwa zimebaki sekunde 5.2 Stewart alipoingia kikapuni na Alanna Smith akahesabiwa faulo. Kocha wa Lynx, Cheryl Reeve, aliomba ipitiwe kwenye video, waamuzi wakasimama na uamuzi wao, na baada ya mchezo Reeve akasema wazi kwamba ubingwa umeibwa. Nami shabiki wa Liberty nasema mgusano ule ulikuwa mwepesi. Ningekuwa na filimbi nisingepuliza. Tofauti ya mitupo ya adhabu, 25 kwa 8, nayo ni kubwa. Sehemu yake inaelezeka: timu inayorusha ikiwa mbali haifanyiwi faulo nyingi kama timu inayoingia miguuni mwa watu. Sehemu yake Lynx wana haki ya kuilalamikia.

Lakini filimbi haikufunga kikapu. Katika mchezo wa kwanza, siku 10 kabla, ukumbi ule ule, Stewart alisimama kwenye mstari wa adhabu ikiwa imebaki sekunde 0.8, matokeo 84-84, akakosa. Lynx wakashinda 95-93 katika nyongeza. Safari hii alihitaji mitupo yote miwili na akaipata yote miwili. Na hata baada ya hapo ilikuwa 60-60 tu. Lynx walikuwa na mpira, kisha dakika 5 nzima mbele yao.

Katika dakika hizo 5 hawakupata kikapu hata kimoja mchezoni. Pointi zao 2 zilitoka kwenye mstari wa adhabu. Fiebich alifungua kwa pointi tatu, moja kati ya zile mbili za usiku mzima. Kisha Sabally akanyang'anya mpira na kwenda kuuweka kikapuni, 65-60. Timu iliyofunga 34 kabla ya mapumziko ilikuwa imefunga 28 katika dakika 25 zilizofuata.