Buti la Maine lilitatua nusu ya tatizo

Mwaka 1911, Leon Leonwood Bean wa jimbo la Maine, Marekani, alirudi kutoka mawindoni miguu imemlowa chapachapa. Wawindaji wa huko hushinda kwenye vinamasi na theluji inayoyeyuka. Buti la ngozi huushika mguu vizuri na kuuachia upumue, lakini likishanywa maji huwa zito na haliwahi kukauka kabla ya alfajiri. Gambuti halipitishi hata tone, ila hupwaya kifundoni, na mguu hutokota humo kwa jasho.

Bean akampa fundi viatu kazi ya kuchanganya: chini mpira, juu ngozi laini, vikashonwa pamoja. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Maji huanzia chini, na mguu hukunjikia kifundoni. Kilichomwangusha ni mshono. Kila tundu la sindano lilidhoofisha mpira, na kila hatua ikauvuta pale pale. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa, ngozi imeachana na mpira. Akawarudishia wateja fedha zao, akakopa, akatafuta mpira imara zaidi, akalitengeneza upya buti lake.

Hadi leo buti hilo linasifiwa, na linastahili. Lakini mpira unaozuia maji yasiingie huzuia pia jasho lisitoke, na hapo kazi yote huangukia soksi. Sufu huweza kubeba mvuke unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi unyevu. Pamba hulowa mapema na kuuganda mguu. Jeshi la Uingereza liliyajua madhara ya soksi zilizolowa kwa uchungu kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ambako miguu ya askari iliharibika bila hata kuganda: baridi na unyevu hubana mishipa, damu haifiki, nyama hufa. Kinga iliyofaa ilikuwa amri ya kubadili soksi na kupaka miguu mafuta ya nyangumi, mbele ya macho ya afisa.

(Katambuga zetu, zile ndala za matairi, hufuata njia nyingine: maji yaingie, yatoke. Kwenye joto ni akili kubwa. Kwenye theluji ni kupoteza vidole.)

Kwa hiyo ukinunua buti la bei, bakiza fedha ya soksi za sufu. Jozi moja ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, ya kulalia tu. Na ukiona unyayo umekuwa mweupe na kukunjamana, usingoje ufike kambini: vua, futa, kausha, ndipo uendelee.