Chupa ya Sukari na Chumvi: Hesabu ya Chakula cha Mwendesha Baiskeli

Jeli moja ya wanamichezo, ile ya pakiti ndogo inayofyonzwa ukiwa juu ya baiskeli, huwa na gramu 22 hadi 25 za wanga. Kilo moja ya sukari nyeupe ina gramu 1,000. Nguvu iliyomo katika mfuko mmoja wa sukari inalingana basi na ya jeli 40, na kwa bei ya jeli chache tu unaupata mfuko huo na chenji inabaki. Inaniuma kuona vijana wenye miguu mizuri wakiamini kwamba mbio ndefu ni za wenye fedha za kununua pakiti hizo, wengine wakipanda milima na chupa ya maji matupu. Tatizo hapo ni la vipimo, na vipimo vinafundishika.

Misuli na ini la mtu mzima huhifadhi wanga wa kadiri ya gramu 400 hadi 600. Ukienda kwa kasi, akiba hiyo huanza kukuishia ndani ya saa mbili au tatu. Ndipo miguu inapogeuka mizito, kichwa kinakuwa chepesi, na mpandaji uliyekuwa ukimwacha nyuma anakupita. Ndiyo maana wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na hadi 90 pale safari inapozidi saa mbili na nusu. Kikomo hicho hakitokani na tumbo kujaa. Kinatokana na kasi ya utumbo mwembamba kupitisha sukari kwenda kwenye damu.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mwaka 1960, mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba glukosi huingia katika seli za utumbo ikiwa imeambatana na sodiamu, yaani sehemu ya chumvi. Ujuzi huo ndio uliokuja kueleza kwa nini maji ya chumvi na sukari humwokoa mtoto anayeharisha: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki wanakijua kipimo hicho kwa moyo. Kinywaji cha mwanamichezo kinatumia njia ileile, ila sukari huongezwa kwa sababu lengo si maji pekee, ni nguvu pia.

Mlango huo wa glukosi hulemewa ikifika takriban gramu 60 kwa saa. Ukizidisha, sukari hubaki tumboni, inavuta maji, na unaanza kutafuta kichaka. Lakini fruktosi, sukari ya matunda, ina mlango wake mwingine. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Roy Jentjens na Asker Jeukendrup wakiwemo, waliwapa waendesha baiskeli mchanganyiko wa glukosi na fruktosi wakaona mwili ukichoma wanga wa kinywaji hicho hadi gramu 1.26 kwa dakika. Kwa glukosi peke yake ulifika karibu gramu 0.8. Tangu hapo kampuni zimekuwa zikiuza mchanganyiko huo kwa bei ya juu.

Sasa itazame sukari ya mezani. Kila chembe yake ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana, na ukuta wa utumbo huzitenganisha. Milango yote miwili inafunguka. Wapandaji wengi wanaotaka kubana matumizi hununua boksi la unga wa glukosi, wakiamini kwamba kwa kuwa huuzwa pia katika maduka ya dawa basi ni bora kuliko sukari ya chai. Kwa mwendo mrefu ni kinyume chake: glukosi tupu inatumia mlango mmoja.

Ipo na hesabu ya pili ambayo ni nadra kutajwa. Weka gramu 60 za sukari na gramu moja na nusu ya chumvi katika chupa ya mililita 750. Ukikokotoa chembe zilizoyeyuka unapata takriban miliosmoli 300 kwa lita, karibu sawa na damu yenyewe. Weka gramu 60 za glukosi badala yake na kiwango hicho kinapanda hadi 500 hivi, kwa kuwa chembe za glukosi ni ndogo na idadi yake kwa uzito uleule ni karibu mara mbili. Kinywaji kizito namna hiyo huvuta maji kuingia utumboni wakati unayahitaji kwenye damu.

Basi chupa yenyewe ni hii: sukari vijiko vikubwa vitano vya kusawazisha, chumvi robo kijiko cha chai, maji safi ya kujaza mililita 750, na ndimu ya kukamua. Ndimu inakata utamu, na hilo si jambo dogo, kwa sababu kukinai ndiko kunakomfanya mpandaji aache kunywa saa ya tatu. Mwaka 1965, Robert Cade wa Chuo Kikuu cha Florida alipotengeneza kile kilichokuja kuitwa Gatorade, alianza na maji, sukari na chumvi, na maji ya limau ndiyo yaliyokifanya kinyweke. Kwenye joto la pwani punguza sukari hadi vijiko vitatu, ongeza chupa ya pili, na nguvu iliyobaki ipate kwa kula.

Jeli ya nyumbani nayo ni nyepesi kutengeneza. Chemsha gramu 150 za sukari guru katika mililita 75 za maji, tia chumvi kidogo na matone ya ndimu. Asidi yake huivunja sehemu ya sukari ili isigande tena ikipoa. Vijiko vikubwa viwili vya shira hiyo vina takriban gramu 25 za wanga. Ibebe katika chupa ndogo laini na uisindikize kwa maji kila unapoifyonza. Wakolombia wamepanda milima yao na sukari guru, wao huiita panela, miaka mingi, na Luis Herrera aliyelelewa katika utamaduni huo alishinda Vuelta a España, mbio kubwa za Hispania, mwaka 1987.

Ndizi nayo imepimwa maabarani. David Nieman na wenzake, mwaka 2012, walilinganisha ndizi na kinywaji cha michezo katika kilomita 75 na muda wa wapandaji haukutofautiana, ingawa waliokula ndizi walijisikia wameshiba zaidi. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 27 hivi za wanga. Tende ndogo ina gramu tano au sita. Zote zina nyuzinyuzi, kwa hiyo zitumie saa za mwanzo na uache shira kwa mlima wa mwisho. Kashata za nazi na za karanga nazipenda sana, lakini mafuta yake huchelewa tumboni. Ni chakula cha safari ya polepole.

Mkate wa kumimina ndio unaostahili heshima zaidi kuliko unavyopewa. Timu kubwa za Ulaya huwapikia wapandaji wao keki za wali, zilizokatwa vipande na kufungwa kwa karatasi ya alumini. Kwa mkate huu, pwani yetu ina mchele, sukari, hamira na iliki katika sinia moja tangu zamani. Pika kwa tui jepesi, ongeza chumvi, kata vipande vya mraba.

Bidhaa za viwandani zina faida zake, na lazima isemwe. Anayelenga gramu 100 na zaidi kwa saa atashindwa na utamu wa sukari. Maltodekstrini, wanga unaotumika katika bidhaa hizo, haina utamu mwingi hivyo. Na katika kundi linalokimbia kilomita 45 kwa saa, pakiti inafunguka kwa meno. Kwa mazoezi ya wiki nzima, faida hizo hazina uzito.

Usijaribu chupa hii kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Anza na gramu 30 kwa saa, zoeza tumbo, panda taratibu. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kwanza. Na viongozi wa klabu, kabla ya kuagiza katoni ya jeli, nunueni mizani ya jikoni na muwafundishe vijana kuitumia.