Yule wa Tatu Aliyebaki Kambini

Kitabu chenyewe nilikipata kando ya barabara jijini Nairobi, katikati ya vitabu vya mtumba, jalada limemeguka kona na jina la mwenyewe wa zamani limekwaruzwa kwa kalamu ya bluu. Muuzaji alitaka mia mbili. Nikampa mia na hamsini, akanung'unika kidogo, tukaachana kwa amani. Ni No Picnic on Mount Kenya, cha Mwitaliano Felice Benuzzi. Wapanda milima wanakisifu kama kitu kitakatifu. Mimi sikuwahi kukisikia. Nilikinunua kwa sababu ya neno la mwisho kwenye jina lake tu.

Stori ni hii. Mwaka wa 1943 Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa vita Waitaliano pale Nanyuki, Kambi 354. Benuzzi amefungiwa humo, hana kazi, hana habari, hajui vita vitakwisha lini. Siku moja mawingu yanafunguka na Mlima Kenya unasimama mbele yake. Tangu hapo hana raha. Anawashawishi wenzake wawili, Giovanni Balletto, ambaye ni daktari, na Vincenzo Barsotti, anayeitwa Enzo. Tarehe 24 Januari wanatoroka kupitia shamba la mboga la kambi. Wanaufuata Mto Nanyuki kwenda juu, wanapenya msitu wenye ndovu na vifaru, wanavuka mianzi, wanatokea kwenye nyika ya lobelia na hatimaye kwenye mawe na barafu. Batian inawashinda. Tarehe 6 Februari wawili kati yao wanafika Lenana na kusimika bendera ya Italia. Halafu sasa, hapa ndipo msomaji wa mara ya kwanza hucheka kwa sauti, wanateremka na njaa yao na kurudi kambini kwa miguu yao wenyewe! Siku 18 zote. Wanahukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini wanakaa 7 tu, maana kamanda amekiona kitendo chao kuwa cha kimichezo.

Niseme mapema kwamba nakipenda kitabu hiki, ili yanayofuata yasichukuliwe kuwa ni kijiba cha roho. Sehemu ninayoipenda zaidi si mlima, ni matayarisho. Nyundo zinafuliwa upya ziwe mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vinageuzwa kuwa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba zinatokana na mkonge wa vitanda vya wafungwa. Chakula kinadunduizwa kidogo kidogo miezi kadhaa. Ramani hawana, kwa hiyo wanategemea picha ya mlima iliyochorwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama na mboga. Yeyote aliyekulia nyumba ambamo mkebe wa Kimbo ulimaliza mafuta ukaanza maisha ya pili kama chungu cha maua ataelewa furaha iliyomo kwenye kurasa hizo. Benuzzi anajua kuandika mikono inapofanya kazi. Anajua pia kuandika kuchoshwa, jambo gumu sana, kwa sababu mwandishi akichoka vibaya msomaji naye hulala.

Mlimani kwenyewe maandishi yake yanabadilika. Kuna uzuri mwingi, mapambazuko mengi, na mara nyingine nilitamani mtu amwambie, bana, tumeona jua likichomoza, endelea. Lakini kila tumbo linapomuuma anarudi duniani na kitabu kinapona.

Mwaka juzi, Februari, tulipanda mlima huo, marafiki watatu tuliofahamiana tangu chuo. Wazo lilikuwa langu. Kitabu nilikibeba kwenye mkoba ingawa kila gramu ilihesabika. Tulipitia njia ya Naro Moru: usiku wa kwanza Met Station, kesho yake tope lile la mteremko ambalo kila mguu unaouchomoa linakudai kiatu, kisha bonde la Teleki, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200 hivi. Hapo rafiki yetu wa tatu akaanza kuumwa na kichwa. Akatapika chai. Akasema ni uchovu tu. Jioni hakuweza kufunga kamba za viatu vyake, na mimi niliona, nikajifanya nachambua tochi.

Saa tisa za usiku tuliondoka wawili. Tulimwambia, wewe pumzika, tutarudi kabla hujaamka. Akajibu, 'Poa, mkanisalimie juu.' Tulifika Lenana, mita 4,985, jua likatoka kama Benuzzi alivyoahidi, tukapiga picha, nikalia kidogo. Tuliporudi kambini hema lilikuwa tupu. Alikuwa ameteremka. Tulimkuta Met Station, midomo imepauka, anatabasamu, na tangu siku ile hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Wala hajawahi kukubali tena nikimwita safari.

Nilipokirudia kitabu baada ya hapo, kilikuwa kitabu kingine. Nilimtafuta Enzo.

Enzo si mpanda milima. Benuzzi hafichi hilo: mpango ulihitaji mtu wa tatu wa kubaki kambi ya juu wakati wawili wanajaribu kilele, na Enzo alichaguliwa kwa sababu alikuwa na kichaa cha kutosha kukubali. Anaugua safarini. Anabeba mzigo, anafanya mzaha, anabaki. Wenzake wakienda kwenye mwamba, sentensi zote zinaenda nao. Hatupewi kurasa za hema. Hatuambiwi mtu anafikiria nini mchana kutwa akiwa mgonjwa, chakula kinaisha, anasikiliza upepo na kukadiria kama wenzake wako hai. Tunaambiwa tu walipoondoka na walipomkuta.

Unaweza kusema, ni haki yake, msimulizi anaandika alichokiona. Kweli. Lakini Benuzzi alikiandika kisa hiki mara mbili, kwa Kiitaliano kikatoka 1947 kama Fuga sul Kenya, na kwa Kiingereza kikatoka 1952. Alikuwa na nafasi ya kumuuliza Enzo. Mtu akikisimulia kisa mara mbili na pengo likabaki pale pale, nadhani pengo hilo lina kazi. Likizibwa, kilele kinapungua urefu. Nalijua hili kwa sababu picha yangu ya Lenana iko sebuleni na kila mgeni akiuliza mlikuwa wangapi, najibu, 'Tulikuwa watatu,' halafu nabadilisha mada.

Kuna pengo jingine, na hili wasomaji wa Kenya wameshaliona kabla yangu. Mlima wa Benuzzi ni mtupu. Msitu una wanyama na hatari, lakini watu wa pale wanapita kama vivuli wa kuepukwa wasije wakawafichua watoro. Kirinyaga, mlima ambao Wagikuyu waliuelekea katika sala wakimwomba Ngai, haumo. Hata majina ya vilele, Batian, Nelion na Lenana, yanatokana na malaibon wa Kimaasai, yakabandikwa na Mwingereza Halford Mackinder aliyefika kileleni 1899. Benuzzi mwenyewe, kabla ya kuwa mfungwa, alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni ya Kiitaliano huko Ethiopia, na kitabu hakitusumbui sana na habari hiyo. Anaingia kwetu kama mtu aliyenyimwa uhuru, tunampenda papo hapo, tunasahau kuuliza alikuwa akifanya nini kwa uhuru wa wengine.

Sasa angalia mwaka ule wa toleo la Kiingereza. 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo gavana alitangaza hali ya hatari, na msitu ambamo Waitaliano watatu walijificha kwa siku chache ukawa nyumba ya wapiganaji wa Mau Mau kwa miaka. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya, alikuwa amewapigania Waingereza hao hao Burma katika vita vile vile vilivyomleta Benuzzi Nanyuki. Alikamatwa Januari 1954 akahukumiwa kunyongwa, na akaponea chupuchupu baada ya kukubali kusaidia mazungumzo. Aliandika naye, Mau Mau General, 1967. Visome vitabu hivi viwili kwa kufuatana. Mianzi ni ile ile, baridi ni ile ile, njaa ni ile ile, moshi wa moto unaoweza kukusaliti ni ule ule. Kinachotofautiana ni anayekusubiri chini. Mmoja alisubiriwa na kamanda mwenye kuthamini mchezo.

Simlaumu Benuzzi kwa yaliyotokea baada yake. Ila wanaoendelea kukisifu kitabu kama wimbo wa uhuru wa mwanadamu wangeongeza tu neno moja, wa mwanadamu gani.

Mara nyingi tunasema Waswahili hatuna mapokeo ya maandishi ya safari, na si kweli. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo yumo Salim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Salim alikuwa mtumishi. Kwenye kitabu cha Benuzzi angekuwa kivuli. Lakini kalamu iko kwake, na kwa hiyo bwana anakuwa mmoja wa watu waliomo safarini tu, na theluji inatazamwa na jicho lililozoea pwani. Naitamani safari ya Mlima Kenya iliyoandikwa hivyo. Naitamani siku mbili za Enzo hemani, hata kama hakuna kinachotokea.

Makala hii nilimtumia rafiki yetu kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Nilitaka aniambie kama nimemwonea. Alikaa kimya siku nne, kisha akanitumia ujumbe wa sauti. Alianza kwa kucheka. Akasema sehemu ya vyuma na kamba ni nzuri, sehemu ya Mau Mau ni ndefu. Kisha akaniuliza nilidhani aliteremkaje kutoka Mackinder hadi Met Station hali hawezi kufunga viatu.

Sikuwa nimewahi kuuliza. Nilikuwa nimeandika 'alikuwa ameteremka', kama mtu anayeteremka ngazi.

Akanieleza. Mpagazi wetu alimwamsha alfajiri, akamsikiliza anavyoongea, akasema hatusubiri hao. Alimpikia uji, akamvisha jaketi lake mwenyewe, akabeba mikoba miwili, na kwenye lile tope akambeba na yeye mgongoni. Njia nzima alimwuliza majina ya watoto wa dada yake, mmoja mmoja, ili asilale.

'Umeandika wee,' rafiki yangu akasema, 'ramani ya mkebe, Wajerumani, Siberia. Huyo mtu umemweka wapi?'

Nimempigia mwelekezi wetu nipate jina lake. Mwelekezi anasema msimu ule alikuwa na wapagazi wengi, atauliza.