Oili Husomwa Nyuma ya Dumu

Katika gereji nyingi za Gerezani jijini Dar es Salaam, na hata kule Kirinyaga Road, Nairobi, oili hupimwa kwa kidole. Fundi hufungua dumu, hudondosha matone kiganjani, huyasugua kwa kidole gumba, kisha hutoa hukumu: hii nzito, itakaa, hii maji matupu, itaua injini. Enzi za Peugeot 504 na Land Rover za zamani hukumu hiyo ilitosha, maana injini zile zilikuwa na nafasi pana kati ya chuma na chuma, na oili nzito ilizifaa. Kwa gari lililotoka kiwandani mwaka 2015 au baada ya hapo, kidole hakina cha kusema. Kiganja kina joto la nyuzi 30 na ushee. Ndani ya injini oili hufanya kazi kwenye nyuzi 100, na pale inapobanwa kwenye beringi hufika 150. Oili mbili zinazofanana mkononi zinaweza kuachana mbali kabisa huko ndani. Mjuzi wa oili siku hizi ni msomaji: anageuza dumu, anaacha picha ya gari la mashindano iliyo mbele, anasoma maandishi madogo ya nyuma.

Cha kwanza kusoma ni namba ya mnato, ile 0W-20 au 5W-30 au 20W-50. Herufi W inahusu majira ya baridi. Oili ya 0W imejaribiwa kama itaruhusu injini kuzunguka kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri, na ya 20W imejaribiwa kwenye baridi ndogo zaidi. Wengi wakisikia hivyo hucheka: baridi hiyo ya wapi, Tanga? Lakini faida yake ipo hata Tanga. Saa kumi na mbili asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, oili yote imeshuka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Unapowasha, pampu inapaswa kuipandisha hadi juu kwenye kemu na valvu, na mpaka ifike, vyuma vinasuguana na utando haba uliobaki jana. Kwenye joto la asubuhi la nyuzi 25, oili ya 0W-20 ni nyepesi kuliko 20W-50 kwa mbali na hufika mapema. Kwa gari linalowashwa na kuzimwa mara sita kwa siku mjini, hizo sekunde si chache.

Namba ya pili, ile ya baada ya kistari, ndiyo inayogombaniwa. Inaeleza mnato oili ikiwa imepata moto. Chama cha SAE cha Marekani, ambacho ndicho kilichoweka madaraja haya, kinataka oili ya daraja la 20 iwe na mnato kati ya 6.9 na 9.3 kwenye nyuzi 100, na ya daraja la 50 iwe kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo anayetoa 0W-20 na kuweka 20W-50 amemimina kitu chenye mnato wa takriban mara mbili ya kile mhandisi alichokusudia. Fundi atakwambia amefanya hivyo kwa sababu ya joto letu. Hoja hii imekita mizizi, na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa anayeitoa kwa kawaida anaitakia injini yako mema.

Jibu lake ni hili: joto linaloipata oili linatoka kwenye petroli inayoungua, si kwenye jua. Thermostati hulinda maji ya rejeta yabaki karibu na nyuzi 90, na oili hufuata hapohapo au juu kidogo, gari liwe Sapporo au Mwanza. Jua la Dar es Salaam linaifanya feni ifanye kazi zaidi. Haligeuzi injini ya daraja la 20 kuwa ya daraja la 50. Kinachogeuza mambo ni mzigo. Gari lililojaa abiria na mizigo likipanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa kwa gia ya chini, oili yake inapata joto la kweli. Toyota wenyewe huandika katika vitabu vya magari yao kwamba oili yenye namba kubwa zaidi yaweza kufaa kwa mwendo mkali au mzigo mzito kupita kawaida. Basi mwenye Toyota linalokunywa 0W-20 na anayeenda Mbeya kila wiki akiwa amebeba mzigo, akihamia 5W-30 hajakosea, mradi kitabu cha gari lake kinaitaja. Hiyo ni hatua moja. Kuruka hadi 50 ni jambo jingine.

Madhara ya kuruka huko hayaji kwa kishindo, na ndiyo maana mazoea haya hayafi. Injini za leo hutumia oili kwa kazi nyingine zaidi ya kulainisha. Mfumo wa VVT-i wa Toyota, na mingine ya aina yake, hugeuza majira ya valvu kwa kusukuma oili kwenye vijitundu vyembamba sana kwa amri ya kompyuta. Oili nzito kwenye vijitundu hivyo ni sawa na kunywa uji wa ulezi kwa mrija wa soda. Valvu zinachelewa, gari linakuwa zito kuondoka, matumizi ya petroli yanaongezeka, na siku moja taa ya injini inawaka. Mwenye gari anapelekwa kubadilishiwa sensa, na hakuna anayekumbuka dumu la miezi minne iliyopita.

Namba sahihi utaipata wapi? Mara nyingi imechorwa juu ya kifuniko cha kumiminia oili. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani huja pia na kibandiko kidogo chini ya boneti au ubavuni mwa mlango, kilichoachwa na gereji ya kule, chenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa, na pengine aina ya oili. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile. Usikibandue. Kile na kitabu cha gari vina uzito kuliko ushauri wa yeyote, mimi nikiwemo.

Sasa tuje kwenye herufi, na hapa ndipo hata wanaojali mnato huteleza. Tafuta alama ya duara ya API, taasisi ya petroli ya Marekani. Nusu ya juu ya duara ina herufi mbili, na kwa injini za petroli ya kwanza huwa S. Inayofuata hupanda kadiri madai yanavyokuwa magumu: SL ya mwaka 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020, na SQ iliyokuja 2025. Rafu za maduka yetu bado zimejaa oili ya SF. API inasema wazi kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Si kwamba imeghushiwa. Yaweza kuwa halali kabisa na yenye nembo ya kampuni kubwa. Imepitwa na injini tu, na bei yake nafuu ndiyo inayoibakiza sokoni.

SP ina sababu mahsusi ya kuwepo, na mwenye gari lenye turbo na mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda anapaswa kuijua. Golf ya TSI ni ya namna hiyo, na Harrier ya lita 2 yenye turbo pia. Injini hizi ndogo huvuta kwa nguvu nyingi zikiwa kwenye mizunguko midogo, na katika hali hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Mlipuko huo wa mapema ukija wakati pistoni bado inapanda, unaweza kuvunja ringi au kupasua pistoni yenyewe. Watafiti waligundua kwamba oili ina mkono katika hili: vitone vyake vinavyoponyoka kuingia chumba cha moto huweza kuanzisha mwako, na sabuni ya kalisi inayotiwa kwenye oili ili kusafisha injini huongeza hatari. Watengenezaji wakapunguza kalisi na kuingiza magnesi. Jaribio la kuzuia milipuko hii liliingia na SN Plus mwaka 2018, na SP ikaongeza jaribio la uchakavu wa cheni ya taimingi. Kwa hiyo duka likikosa SP na kukupa SN ya kawaida kwa gari la turbo, tembea hadi duka la pili.

Magari ya Ulaya yana lugha yao. Hapo API haitoshi. Angalia alama ya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, na, muhimu zaidi, namba ya idhini ya kiwanda chenyewe: VW 504 00 na 507 00, MB 229.51, BMW Longlife-04. Oili ya ACEA C3 hutakiwa kubaki na mnato usiopungua 3.5 ikisagwa kwa kasi kwenye nyuzi 150, ilhali daraja la 20 la kawaida huruhusiwa kushuka hadi 2.6. Injini iliyosanifiwa kwa 3.5 ukiipa 2.6, beringi ndizo zitakazolipa. Na hapa soma sentensi neno kwa neno. Dumu moja litasema oili imeidhinishwa na kiwanda, jingine litasema inafaa kwa magari ya kiwanda hicho. La kwanza ni matokeo ya majaribio yaliyopelekwa kiwandani. La pili ni neno la muuzaji.

Dizeli ndogo nazo zisichukuliwe kama lori. Mazda CX-5 ya dizeli, ambayo imeingia kwa wingi Kenya na Tanzania, ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi huungua chujio linapojisafisha, lakini majivu yanayotokana na madini ya oili hayaungui. Hubaki humo na kuliziba. Ndiyo maana Japani kuna daraja la DL-1 lenye majivu machache mno, na oili ya dizeli ya lori, hata iwe bora kiasi gani, haifai hapo. Tena gari hili lina tabia ya oili kupanda badala ya kushuka: ili kuchoma masizi, kompyuta hupuliza dizeli ya ziada, na sehemu yake huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu. Kijiti cha kupimia kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikikaribia X, imwage hata kama kilomita hazijafika.

Kuhusu neno sintetiki sitakaa sana. Kampuni ya Mobil ilimlalamikia mpinzani wake Castrol nchini Marekani kwa kuita sintetiki oili iliyosafishwa sana kutoka mafuta ghafi, na mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo kikaamua kwamba jina hilo laruhusiwa. Tangu hapo neno hilo lenyewe halithibitishi mengi. Herufi na namba za idhini zikitimia, 0W-20 nyingi utakazozikuta zina mafuta yaliyosafishwa hivyo au bora zaidi, maana ni vigumu kwa mafuta ya kawaida kufikia mnato huo.

Usomaji wote huu ni bure ikiwa kilichomo dumuni si kilichoandikwa. Oili chafu huchujwa, hutiwa rangi, kisha hurudishwa kwenye madumu halisi yaliyookotwa. Tazama pete ya kifuniko: iwe haijakatika wala kugandishwa kwa gundi. Chini ya kifuniko mara nyingi kuna karatasi ya foili iliyobana sawasawa. Namba ya toleo na tarehe huchapwa kwenye plastiki yenyewe. Ikifutika kwa kucha, rudisha. Alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, itafute, ila usiishie hapo, kwa kuwa anayeghushi lebo hughushi na alama. Ulinzi mkubwa ni kununua kwa wakala anayetambuliwa na mwagizaji na kudai risiti. Na baada ya kumimina, dumu likiwa tupu, litoboe kwa bisibisi kabla hujaondoka gereji, mbele ya fundi. Akiuliza kwa nini, mweleze.

Muda wa kubadilisha unategemea maisha ya gari. Kwa magari yake ya petroli yasiyo na turbo yanayouzwa Japani, Toyota hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Kwa yenye turbo, 5,000 au miezi sita. Foleni ya Mandela Road au Mombasa Road, vumbi, na safari fupi za kila siku ni matumizi magumu kwa tafsiri yoyote. Dizeli ya Afrika Mashariki nayo, kwa kiwango kilichoanza 2015, iliruhusiwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani na Ulaya ni 10, na salfa hiyo huzaa asidi inayomaliza dawa za oili mapema. Kwa gari la petroli lisilo na turbo mjini, mimi nisingevuka 7,000.

Usihukumu kwa rangi. Oili nzuri huwa nyeusi kwa kuwa inabeba uchafu, na ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku ileile. Cha kutazama kwenye kijiti ni weupe kama wa maziwa, ambao unaweza kuwa ni maji ya rejeta, harufu kali ya petroli, na kiwango. Kipime gari likiwa mahali tambarare na injini imepumzika dakika chache, kila baada ya kilomita 1,000. Injini ndogo za turbo hula oili kidogo hata zikiwa nzima, na ikipungua huongezwa ya namba na herufi zilezile. Kwa sababu hiyo, ukinunua dumu la lita 4 kwa injini inayobeba 3 na kitu, kilichobaki usimwachie fundi. Kifunge vizuri na kiweke kwenye buti.