Tekenya na Nzi wa Tumbu: Ngozi Moja, Mbinu Mbili

Tekenya ni mgeni Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, na inaaminika alishuka Angola mwaka 1872 kutoka meli iliyotokea Brazili. Karne ile haijaisha, alikwisha kulivuka bara hadi pwani ya mashariki. Nzi wa tumbu ni mwenyeji wa Afrika tangu asili. Wote wawili huishi ndani ya ngozi ya binadamu, ila kinachowaleta humo ni tofauti.

Kwa tekenya, anayeingia ni mama. Jike, kiroboto wa takriban milimita 1, hujichimbia mguuni, aghalabu kandokando ya kucha au kisiginoni, kichwa kikitangulia. Anataka damu ya kulishia mayai. Tumbo huvimba likakaribia sentimita 1, naye hutupa nje mayai mia moja au zaidi kwa wiki mbili tatu, kisha hufia humohumo. Mayai huanguka vumbini, na huko ndiko watoto wanakokulia.

Kwa nzi wa tumbu, anayeingia ni mtoto.

Mama hamgusi mtu. Hutaga kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, ama kwenye nguo zilizoanikwa kivulini. Buu aliyeanguliwa huweza kungoja siku kadhaa bila kula; akihisi joto la mwili, hupenya ngozi bila mwenyewe kushtuka. Hutokea jipu lenye tundu. Baada ya siku 8 hadi 12 buu hutoka, huanguka chini na kuwa pupa udongoni.

Ndiyo maana kinga zao hazibadilishani kazi. Pasi ya moto huua mayai ya nzi kwenye mishono, lakini haimhusu tekenya. Sakafu ya saruji humnyima tekenya vumbi la kulelea, lakini haimzuii nzi kutua kwenye kamba ya nguo.

Udhaifu wao, hata hivyo, ni mmoja: wote hupumulia nyuma, kupitia tundu waliloliacha wazi. Jipu likipakwa vaselini, buu hukosa hewa, akajitokeza na kukamuliwa. Kwa tekenya, majaribio yaliyofanyika Kenya yameonyesha kuwa mafuta ya dimetikoni hupenya kwenye matundu yake ya hewa na kumuua palepale alipo. Sindano na miiba, zinazotumika sana vijijini, mara nyingi humpasua ndani ya kidonda na kufungulia njia bakteria, wakiwamo wa pepopunda.