Shinikizo au ujazo: maumivu ya utumbo yalivyopimwa

Mgonjwa wa utumbo nyeti hupewa dawa ya kuzuia serotonini, na baada ya siku chache husema tumbo limetulia. Dawa hiyo imefanya kazi wapi? Huenda imeituliza neva inayobeba maumivu. Huenda pia imelegeza ukuta wa utumbo tu, na neva imebaki kali vilevile. Kwa mgonjwa nafuu ni nafuu, lakini anayetaka kutengeneza dawa ya maumivu hana budi kutenganisha mambo haya mawili.

Kipimo cha mwanzo kilikuwa puto. Mwaka 1973, Ritchie wa Uingereza alilijaza hewa ndani ya utumbo mpana hadi mililita 60. Asilimia 55 ya wagonjwa walisikia maumivu, dhidi ya asilimia 6 ya watu wasio na ugonjwa huo. Tofauti ni kubwa, ila puto la namna hiyo linahesabu ujazo peke yake. Mililita 60 ndani ya utumbo uliokaza husukuma ukuta kwa nguvu kuliko mililita 60 hizohizo ndani ya utumbo uliolegea.

Barostati ilikuja kuziba pengo hilo. Ni mfuko mwembamba wa plastiki usiokuwa na mvutano wake wenyewe, uliounganishwa na pampu inayoongozwa na kompyuta. Mtafiti huchagua shinikizo, na mashine hulishikilia palepale kwa kuongeza hewa ukuta unapolegea na kuinyonya unapokaza. Kila mara mtu anapoeleza anachohisi, iwe ni kujaa, kubanwa na haja au maumivu, huandikwa namba mbili, shinikizo na ujazo, badala ya moja.

Serotonini nyingi ya mwili, yapata asilimia 95, imo utumboni. Ukuta ukivutika, seli za enterokromafini huimwaga, nayo hunasa kwenye vipokezi vya 5-HT3 vilivyo kwenye ncha za neva. Kipokezi hicho ni mlango wa chembe zenye chaji: ukifunguka, neva hupiga mara moja. Ondansetroni, ile ambayo hospitali zetu huitumia kuzuia kutapika, huufunga mlango huo, kama zifanyavyo granisetroni na alosetroni. Tatizo ni kwamba neva hizohizo huendesha pia msukumo wa utumbo na umwagaji wa maji. Ndiyo maana dawa hizi hufunga choo.

Mwaka 1998 Delvaux na wenzake waliwapa wagonjwa alosetroni kwa wiki moja, kisha wakapima kwa barostati. Ujazo uliohitajika kuleta maumivu uliongezeka. Angesoma namba hiyo pekee, mtu angetangaza kwamba neva imetulizwa. Lakini shinikizo lililoleta maumivu halikubadilika. Ukuta ulikuwa umekubali kutanuka zaidi, na maumivu yalikuja kwa nguvu ileile ya zamani. Naona huo ndio usomaji wa haki wa matokeo yale, ingawa haumalizi kila kitu: mwaka 2002 kundi la Mayer lilipiga picha za PET za ubongo wa wagonjwa waliotumia dawa hiyohiyo, likaona shughuli imepungua katika sehemu zinazohusika na hisia za moyoni. Basi huenda karaha ya maumivu ilipungua kwa njia nyingine.

Alosetroni yenyewe iliidhinishwa Marekani Februari 2000 kwa wanawake wenye utumbo nyeti wa kuharisha. Novemba mwaka huohuo iliondolewa sokoni, kwa sababu ya kufunga choo vibaya na utumbo kukosa damu, ikarudishwa 2002 kwa masharti makali.

Ondansetroni ilipojaribiwa Nottingham kwa wagonjwa 120 wa kuharisha, matokeo yakachapishwa 2014, kinyesi kilishikana na haja ya ghafla ikapungua. Alama za maumivu hazikushuka kwa kiwango cha kutajika. Anayeiandika dawa hii leo na amwambie mgonjwa wazi kwamba itamsaidia kufika chooni kwa wakati, na kwamba tumbo linalouma huenda likahitaji tiba nyingine.