Wakimbizi Wawili, Wamarekani Wawili

Nakala ya A Brief History of Time ya Stephen Hawking iliyoko maktabani kwetu haina tena jalada. Kurasa za mwanzo zimechakaa, za mwisho bado mpya kabisa. Hapo unajua wasomaji wanakwama wapi. Ushauri wangu kwa atakayeiazima: usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja sura ya tatu, ile ya ulimwengu unaotanuka. Inajitegemea, haina hesabu ya kukutisha, na kwa maoni yangu ndiyo sura bora ya kitabu kizima. Nataka kuisifu kwanza. Kisha nitaigombeza, kwa sababu ya neno moja.

Sura inaanza na kitu ambacho huku hatukikosi: anga la usiku usio na mwezi. Kutoka kwenye nyota zinazoonekana kwa macho, Hawking anatupeleka hadi mwaka 1924, Edwin Hubble alipoonyesha kwamba galaksi yetu si pekee, kuna nyingine nyingi nje yake. Halafu mwaka 1929 Hubble akatoa habari nzito zaidi. Nuru ya karibu galaksi zote imeegemea upande wa rangi nyekundu, yaani zinatuacha, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi.

Ukisikia hivyo, wazo la kwanza ni: kumbe sisi ndio katikati, wote wanatukimbia! Hawking anakataa, na hapa ndipo uhodari wake ulipo. Anachukua puto lenye madoa. Ukilipuliza, kila doa linaona mengine yote yakienda mbali, na hakuna doa hata moja linaloweza kudai ndilo kitovu. Watoto wa zoni yetu wanapuliza glavu za zahanati. Chukua kalamu, chora madoa, utaona mwenyewe. Kwamba ulimwengu unaonekana hivyo hivyo kutoka galaksi yoyote, Hawking anasema tunalikubali kwa unyenyekevu: tungejionaje kuwa sisi tu ndio tuko mahali pa pekee?

Mfano wa puto una kasoro mbili ambazo msomaji aziangalie. Kwanza, puto lina hewa ndani na chumba nje, kwa hiyo akili inatafuta kitovu ndani ya hewa ile. Ulimwengu ni ile ngozi peke yake. Cha ndani na cha nje usivihesabu. Pili, doa la kalamu nalo linapanuka pamoja na mpira. Galaksi hazifanyi hivyo. Uvutano unazishikilia, kama unavyoishikilia dunia na jua lake. Kinachotanuka ni nafasi kubwa iliyo kati ya makundi ya galaksi.

Bon, tuje kwenye umri. Hapa kitabu kimezeeka, na si kosa la mwandishi. Mwaka 1988 kasi ya kutanuka haikujulikana vizuri, hivyo Hawking anaupa ulimwengu kati ya miaka bilioni 10 na 20. Leo jibu ni bilioni 13.8. Wengi huniuliza mtu anapimaje kitu kama hicho, na jibu halihitaji chuo kikuu. Fikiria watu watatu barabarani. Wa kwanza anatembea km 5 kwa saa na yuko umbali wa km 10. Wa pili yuko kwenye baiskeli, km 15 kwa saa, amefika km 30. Wa tatu amepanda pikipiki, km 40 kwa saa, yuko km 80. Gawanya umbali kwa kasi: wote wana saa 2 njiani. Galaksi ni hivyo hivyo. Iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 100 inatuacha kwa karibu km 2,150 kila sekunde. Iliyo umbali wa milioni 200, karibu km 4,300. Gawanya, utapata karibu miaka bilioni 14 kwa zote mbili. Ukirekebisha kidogo, kwa kuwa kasi haikuwa ileile siku zote, unafika 13.8. Ila usiubebe mfano wangu mbali sana. Watu wa barabarani waliondoka mahali fulani, lakini galaksi hazina kijiji kimoja zilikotoka. Nafasi yenyewe ilitanuka, kila mahali kwa pamoja.

Ukubwa nao unachanganya watu. Kama umri ni bilioni 13.8, si tunaona hadi miaka ya nuru bilioni 13.8 tu? Hapana. Wakati nuru ilipokuwa njiani, nafasi iliendelea kutanuka nyuma yake. Mahali ilipotoka nuru ya kale kabisa tunayoipokea pako sasa karibu miaka ya nuru bilioni 46 kutoka hapa. Huo ni upande mmoja. Kutoka mwisho hadi mwisho wa tunachoweza kuona ni kama bilioni 93. Na mwaka 1998, miaka kumi baada ya kitabu kutoka, makundi mawili ya wanasayansi yaligundua kwamba kutanuka hakupungui kasi, kunaongezeka. Hawking alikuwa ameacha wazi kama ulimwengu utakuja kusinyaa tena au la. Soma kurasa hizo ukijua habari hiyo.

Sasa lile neno.

Katika sura hiihii Hawking anaeleza kwamba wengi hawakupenda wazo la ulimwengu kuwa na mwanzo, wakatafuta njia ya kulikwepa. Njia iliyopata wafuasi wengi ni ya mwaka 1948: ulimwengu unatanuka, ndiyo, lakini vitu vipya vinazaliwa kidogo kidogo kujaza nafasi, kwa hiyo unabaki vilevile milele, bila mwanzo. Waliotoa wazo hilo walikuwa watatu. Fred Hoyle anatambulishwa kama Mwingereza. Hermann Bondi na Thomas Gold wanatambulishwa kama wakimbizi wawili kutoka Austria iliyotawaliwa na Wanazi.

Nilisimama hapo. Si kila siku unakutana na neno letu ndani ya kitabu cha nyota.

Kurasa chache kabla ya hapo, tulikuwa tumefika mwaka 1965 na ugunduzi ulioivunja nguvu nadharia ya wale watatu. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa huko New Jersey, ikawa inatoa mvumo usiokwisha. Walidhani ni mavi ya njiwa waliojenga kiota ndani, wakayasafisha. Mvumo ukabaki, usiku na mchana, kutoka kila upande wa anga. Ulikuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, joto ambalo kutanuka kumelipoza hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Penzias na Wilson walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Hawking anawatambulisha vipi? Wanafizikia wawili Wamarekani.

Wilson alizaliwa Texas, sawa. Lakini Penzias alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1933, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka sita, wazazi wake walimpandisha treni pamoja na mdogo wake, wakapelekwa Uingereza bila baba wala mama. Wazazi walifuata baadaye, na familia ikafika New York mwanzoni mwa mwaka 1940. Sisi tuliovuka ziwa tukiwa watoto hatuhitaji kuelezwa safari hiyo ni nini.

Na yuko wa tatu. George Gamow, mmoja wa waliotabiri kwamba joto hilo la kale lazima liwepo, ametajwa kama mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Friedmann, mtaalamu wa hesabu wa Urusi. Huyu Gamow mwaka 1932 alijaribu kuvuka Bahari Nyeusi na mke wake kwa mtumbwi wa kupiga kasia, waikimbie Urusi ya Stalin. Bahari ikawarudisha. Mwaka uliofuata walienda Ubelgiji kwenye mkutano wa wanasayansi na hawakurudi tena.

Hesabu basi. Sura moja, watu wanne waliokimbia. Wawili wanaitwa wakimbizi, na hao ndio ambao nadharia yao ilianguka. Wawili waliokuwa upande ulioshinda, mmoja ni Mmarekani, mwingine ni mwanafunzi wa fulani.

Simtuhumu Hawking kwa nia mbaya. Mwenyewe alizaliwa Oxford mwaka 1942 kwa kuwa wazazi wake walitaka mtoto azaliwe mbali na mabomu ya London. Anaisifu nadharia ya akina Bondi kwamba ilikuwa sayansi nzuri, maana ilisema mambo yanayoweza kupimwa. Tena kuwaita wakimbizi huenda kulikuwa kwa heshima. Na neno "Wamarekani" si uongo, Penzias alikuwa raia. Ninachosema ni kwamba sura inayofundisha tusijipe kitovu haikupima watu wake kwa kipimo kimoja. Mtu akishinda, njia aliyopita inafutika. Akishindwa, inaandikwa kabla ya jina lake.

Na msomaji anapoteza kitu. Anaweza kutoka na picha ya Bondi na Gold kama watu waliokwepa mwanzo tu. Walikuwa na sababu ya maana zaidi. Kwa vipimo vya Hubble vya wakati ule, ulimwengu ulikuwa na umri wa karibu miaka bilioni 2, wakati wanajiolojia tayari walikuwa wanaipa dunia umri mkubwa kuliko huo. Mtoto anamzidi mama umri! Mtu mwenye akili lazima ashtuke. Mwaka 1952 tu ndipo Walter Baade alipoonyesha kwamba galaksi ziko mbali zaidi ya ilivyodhaniwa, na umri ukaanza kupanda. Halafu kuna walikojuana. Wote wawili walikuwa Cambridge, lakini walikutana kizuizini mwaka 1940, Uingereza ilipowakamata kama raia wa nchi adui, watu waliokuwa wanawindwa na adui huyohuyo, ikawasafirisha hadi Kanada. Urafiki ulioleta nadharia ya 1948 ulianzia kambini. Kama neno "wakimbizi" litatajwa, basi litajwe na hiyo.

Kwa nini niandike haya katika jarida letu? Kwa sababu jambo hili tunalijua bila kitabu. Mwenzetu akipata udhamini na kufaulu huko mbali, habari inasema ni msomi wa nchi ile. Aliyebaki hapa akifundisha fizikia darasa la watu tisini, ripoti inamwita mkimbizi wa kujitolea, na neno "mwalimu" linakuja baadaye kama lipo. Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa, ripoti hizo ninyi ndio mnaziandika. Siombi neno mkimbizi lifutwe; ni la kweli, na kadi zetu za chakula zinalisema. Naomba ligawiwe sawa: wote waliopita njia hiyo, au asiwe yeyote. Na sisi wenyewe tuanze. Toleo lililopita la jarida hili, chini ya karibu kila jina la mwandishi, tuliandika nchi alikotoka na mwaka aliofika. Kazi anayoifanya hatukuandika.

Kitabu kiko rafu ya pili, karibu na kamusi. Sura ya tatu inasomeka jioni mbili.